Wiki Isiyozaa

Siku ile uani kwangu, Nsemulwa, tulikuwa watu saba. Nilikuwepo mimi, mwenye nyumba, mkubwa wa wote waliozaliwa na mama yangu. Alikuwepo mdogo wangu wa kiume anayenifuata, mwenye kazi ya ofisini Dodoma, aliyekuja likizo na viatu visivyopenda vumbi. Alikuwepo mke wake, wifi yangu, aliyefunika kiti kwa mtandio kabla ya kukikalia. Alikuwepo mdogo wetu wa mwisho, muuguzi wa zahanati, na simu yake mkononi. Alikuwepo shangazi, dada wa baba, aliyeletwa kutoka Mpimbwe bila kuambiwa anaitiwa nini. Alikuwepo mzee wa Kisukuma wa Kakese anayetutunzia ng'ombe. Na alikuwepo mgeni wa mdogo wangu, kijana mwenye tai, aliyekuja kutuuzia wiki moja.

Mgeni alianza kwa kukanyaga mpunga. Nilikuwa nimeanika magunia mawili juu ya turubai, yakauke kabla ya kwenda mashineni. Mtu aliyekulia Katavi hata akiwa amelewa huzunguka turubai la mpunga. Huyu alipita katikati, akaacha nyayo zake, akasema, "Habari za hapa, wamama." Shangazi hakuamkiwa. Aliinama tu akazisawazisha zile nyayo kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayefuta uchafu wa mtoto wa jirani. Mimi nilikuwa nimeshamaliza kumpima yule kijana kabla hajafungua begi lake.

Lazima niseme ng'ombe waliingiaje katika habari ya mapumziko.

Baba alifariki nikiwa darasa la tano. Mama alimfuata nikiwa la saba, siku chache kabla ya mtihani wa mwisho. Mtihani sikuufanya. Wengine husimulia jambo kama hilo kwa machozi. Mimi sina machozi nalo. Nilikuwa na mtoto wa miaka miwili mgongoni, na hakuna msimamizi anayekuruhusu kuingia na mtoto kwenye chumba cha mtihani. Mtoto huyo ndiye muuguzi wa leo.

Shangazi alikuwa na mtamba mmoja. Sisi ni watu wa mpunga, ng'ombe hatuwajui, lakini yeye alikuwa amempata kwa kubadilishana na wafugaji waliohamia kutoka kaskazini: magunia tisa ya mpunga kwa mtamba mmoja. Baada ya kumzika mama alikuja naye akimvuta kwa kamba, akanikabidhi kamba ile. Akasema, "Huyu ni wenu. Mkishakuwa watu mtanirudishia ndama jike mmoja. Jike, si dume." Kisha akarudi Mpimbwe kwa miguu mpaka alipopata lifti ya lori.

Nilimpeleka mtamba yule Kakese kwa mzee niliyemtaja. Utaratibu wao unajulikana, wala hauandikwi popote. Unamwachia mfugaji ng'ombe wako, yeye anakunywa maziwa, anapata samadi, analima kwa madume wakishahasiwa. Ndama ni wako. Mara moja moja unampa mmoja kwa ajili ya miguu yake. Na sharti la mzee yule lilikuwa moja tu: aliyemleta ng'ombe kwa kamba ndiye anayemtoa. Hata aje baba yako na barua ya serikali, hatoki.

Mtamba alizaa, na watoto wake wakazaa. Lakini kila jike alipozaliwa, ada ya shule ilikuwa imemtangulia. Mdogo wangu wa kiume alimaliza kidato cha sita na chuo kwa majike watatu. Muuguzi wetu ni majike wawili. Mzee naye alinitangazia vifo vya ndama watatu, ngozi nikaonyeshwa moja. Sikumfokea. Anayechunga ng'ombe wa watu wasiojua ng'ombe, ndama wake hufa kwa urahisi sana.

Basi siku ile walikuwa wamebaki watatu: maksai wawili na jike mmoja, mjukuu wa yule mtamba, mwenye mimba. Deni la shangazi lilikuwa ndani ya tumbo lile. Na mdogo wangu alitaka tuwauze wote watatu.

"Dada," alisema, "shangazi ametulea. Hajawahi kupumzika maisha yake yote. Mimi nataka awe na mahali pake."

"Pake wapi?"

"Ziwani. Ziwa Tanganyika. Mwonyeshe, kaka."

Kijana akawasha kishikwambi chake. Kulikuwa na nyumba nyeupe, mchanga, maji ya bluu, na mwanamke mweupe amelala kwenye kiti kirefu, kofia usoni, kama mgonjwa aliyesahauliwa nje ya wodi. Akaeleza kwamba hununui nyumba. Unanunua wiki moja ndani ya nyumba. Kila mwaka, wiki ileile, kwa miaka thelathini. Bei shilingi milioni tano, kianzio nusu.

"Miaka thelathini," alisema muuguzi. "Shangazi ana sabini na kitu, kaka."

"Ni ya familia," alijibu wifi. "Hata nyie mnastahili kupumzika."

Neno hilo, mnastahili, lilirudiwa siku ile mpaka likanichosha. Nimevuta maji, nimetwanga, nimeuza mchele Majengo zaidi ya miaka ishirini, na sikuwahi kuambiwa nastahili kitu mpaka kitu hicho kilipokuja na bei.

"Wiki yetu ni ipi?" niliuliza.

"Ya pili ya mwezi wa tatu, mama."

Muuguzi akacheka. "Mwezi wa tatu barabara ya ziwani huwa iko wapi?"

"Chini ya matope," alisema mzee wa Kakese.

"Ndiyo maana bei yake ni nzuri," alisema kijana, bila aibu hata kidogo.

Hapo ilitosha kumfukuza. Lakini mdogo wangu alinishika mkono, akaongea kwa sauti ya chini ambayo wote waliisikia, ile anayotumia anapotaka nikumbuke kwamba alisoma. "Dada, hela ya hoteli unaitupa. Unalala, asubuhi imekwisha. Hii unamiliki. Na usipoitumia mwaka huu, mwakani zinakuwa wiki mbili. Mwaka unaofuata tatu. Ni kama mtamba wetu. Unamwacha kwa mtu, anazaa."

Siwezi kujificha nyuma ya wengine: niliamini. Kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai niliamini. Niliona wiki zikizaliana kule ziwani bila mimi kufanya chochote, wiki tano, wiki kumi, nami nikiziuza moja moja kwa wenye maduka wa Majengo. Ndivyo tulivyosoma sisi, kwa kitu kilichoachwa kwa mtu kikazaa. Mtu mwingine angetapeliwa kwa tamaa ya anasa. Sisi tulikuwa tunatapeliwa kwa kumbukumbu ya ng'ombe.

Aliyeniamsha alikuwa mzee wa Kakese, na si kwa kuwa alitupenda. Jike yule alikuwa akimpa maziwa, na maksai ndio waliokuwa wakilima shamba lake. Alisogeza fimbo yake mbele, akamtazama kijana.

"Inakula nini?"

"Nini, mzee?"

"Hiyo wiki. Kinachozaa kinakula."

Kijana akatabasamu kuelekea kwa mdogo wangu, apate msaada. Hakupata. Akaeleza kwamba ipo ada ya matunzo, laki tatu kwa mwaka kwa sasa.

"Kwa sasa," nilisema.

"Inaweza kubadilika kidogo kulingana na gharama, mama."

"Na tusipoenda?" aliuliza muuguzi.

"Ada iko palepale. Nyumba inatunzwa hata usipokuja. Ila wiki unaweza kuisogeza mwaka mmoja mbele."

"Mmoja tu? Kaka amesema zinakuwa mbili, kisha tatu."

"Mmoja. Ukipita huo, inakufa."

Mzee akamwelekezea fimbo. "Mimi nachunga wa kwao, nakunywa maziwa, majani siwadai. Wewe unakunywa wiki hamsini na moja. Wao wanakunywa moja, ya matope. Majani wanalipa wao. Ng'ombe ni wa nani?"

"Mzee, hii si habari ya ng'ombe."

"Hela ni za ng'ombe."

"Shangazi akifa?" niliuliza mimi.

"Warithi wanaendelea, mama. Hiyo ndiyo faida yake."

"Wanaendelea kunywa au wanaendelea kulipa?" alisema mzee.

Wifi akasema jua limekuwa kali. Wakati huo muuguzi alikuwa amezivuta karatasi za mkataba, alizokuwa ameziweka kijana mezani, anazisoma kama anavyosoma vyeti vya wagonjwa, kuanzia mwisho.

"Kaka. Jina hapa ni la shangazi."

"Ni kwa ajili ya punguzo," alisema mdogo wetu. "Wazee wanapunguziwa asilimia kumi."

"Na ada ya kila mwaka anadaiwa nani?"

Kijana ndiye aliyejibu, maana kwake lilikuwa swali dogo la kazi. "Inafuata jina la mmiliki."

Nilimtazama mdogo wangu vizuri. Namjua tangu anatambaa. Hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alikuwa amehesabu asilimia kumi akaona ni akili. Shangazi alitukabidhi ng'ombe wake pekee tukiwa hatuna kitu. Naye mdogo wangu, na elimu yake yote iliyotoka kwa ng'ombe huyo, alikuwa anamrudishia ankara.

Kijana alikuwa ameshatoa pedi ya wino. Shangazi alifuta dole gumba kwenye kanga. Amezoea. Karatasi nyingi zimepita chini ya dole lile, za pembejeo, za chama, za kliniki, na kila mara kulikuwa na mtu mwenye kalamu aliyemhimiza. Alisimamisha kidole hewani akanitazama mimi, si wao.

"Niweke?"

"Usiweke, shangazi."

Akakirudisha kidole ndani ya kanga.

"Dada," alisema mdogo wangu, na sasa sauti haikuwa ya chini, "wewe hata ziwani hujawahi kufika. Unajua nini kuhusu mambo haya?"

"Sijui kitu. Ndiyo maana ng'ombe bado yupo."

"Unaishi kama bado tuna njaa."

"Na wewe unaishi kama hatukuwahi kuwa nayo."

Mzee wa Kakese alisimama. Alitaka mambo yaishe kabla jua halijazama kwenye njia yake. "Binti," alisema, kwani huniita hivyo tangu nilipomfikia na kamba mkononi, "aliyemleta ndiye anayemtoa. Unamtoa?"

"Simtoi."

"Basi mimi naenda kunywesha."

Ndipo mdogo wangu aliposema kwamba alikuwa ameshalipa laki tano za kushikilia nafasi, kutoka mfukoni mwake. Tulimgeukia kijana sote. Alikuwa anakunja waya wa kishikwambi.

"Hiyo huwa hairudi, kaka," alisema kwa upole, kama anayetangaza hali ya hewa.

Alipoanza kuondoka, mguu wake ulikuwa tayari umeinuliwa juu ya turubai. Nilimwambia azunguke. Akazunguka.

Ningeishia hapo ningejipa heshima nisiyostahili. Jioni ileile, mdogo wangu alipokuwa amenuna chumbani, muuguzi alikuja jikoni na simu. Alikuwa na dawa yake mwenyewe. Hoteli ziwani, usiku mbili, katikati ya wiki, punguzo asilimia arobaini. Palikuwa na bei kubwa imechorwa mstari mwekundu, na chini yake bei ndogo, na saa inayorudi nyuma, kwamba nafasi hii itakwisha baada ya dakika kumi na nane.

"Tumpeleke mara moja, dada. Bila mkataba. Kaka aone kwamba haihitaji kuuza ng'ombe."

Mstari ule mwekundu nilimjua baba yake na mama yake. Kibandani kwangu Majengo kuna boksi nililoandika elfu tatu, nikakata, nikaandika elfu mbili na mia sita. Mchele ule haujawahi kuuzwa elfu tatu hata siku moja. Nikamwambia muuguzi aache dakika kumi na nane ziishe. Zilipoisha, saa ilianza upya, dakika ishirini.

Asubuhi nilitafuta namba ya hoteli nikapiga mwenyewe. Nikaongea kama ninavyoongea na wanunuzi wa jumla. Nikauliza bei ya mwisho, nikanyamaza, nikaacha anayeongea upande wa pili ajaze ule ukimya. Bei aliyonipa ilikuwa chini ya ile ya punguzo. Nikacheka peke yangu barabarani. Nilijiona nimewashinda wote: mwenye tai, mwenye mstari mwekundu, na mdogo wangu na laki tano zake.

Tulikwenda mwezi wa nane, mimi, shangazi na muuguzi, kwa hela ya mchele wangu. Mdogo wangu alisharudi Dodoma. Hoteli ilikuwa ile ile ya kwenye picha za simu ya muuguzi, isipokuwa pale picha ilipoishia ndipo bomba lilipokuwa linavuja. Taulo zilikuwa zimekunjwa kwa umbo la bata. Shangazi alimtazama bata huyo kwa muda, akamkunjua, akamkunja upya kama nguo. Asubuhi walituletea yai moja moja na mkate uliokatwa pembe tatu, kana kwamba pembe ya nne ingewafilisi. Juu ya sinki paliandikwa wageni wasifue nguo. Shangazi hajui kusoma. Alifua kanga yake, akaianika kwenye kile kiti kirefu cha kulalia, na mimi sikumzuia.

Kitanda alikilalia kidogo tu, akasema kinazama. Akashuka sakafuni na mkeka wake. Mchana aliketi kwenye mchanga miguu imenyooka, akayatazama maji.

"Maji yote haya," alisema, "na hakuna anayelima mpunga."

Siku ya pili asubuhi nilimkuta ameshafunga kifurushi chake, ameketi mlangoni. Nilidhani anaumwa. Nikamuuliza kama amepumzika.

"Nimepumzika," alisema, kwa namna mtu anavyosema ameshiba kwenye nyumba ya watu. Kisha akauliza, "Ameshazaa?"

Sikuelewa upesi. "Nani?"

"Ng'ombe."

"Bado, shangazi. Mpaka mvua za kwanza."

Akaitikia kwa kichwa. Hapo nilielewa. Tangu aitwe Nsemulwa mwezi wa sita alikuwa amedhani anaitiwa ndama wake. Alikaa uani kwangu mchana kutwa akitungoja tumalize maneno ya wiki na punguzo tufikie jambo lenyewe. Alipofuta kidole kwenye kanga, alidhani anatia saini ya kupokea. Nasi watatu, wenye ofisi, wenye sindano na wenye mizani, tulikuwa tumegombana kuhusu njia mbili za kumpa kitu ambacho hakukiomba. Mimi nilipata njia ya bei rahisi zaidi. Hiyo ndiyo tofauti yangu na mdogo wangu, na nilikuwa nimejivunia tofauti hiyo njia nzima ya kwenda ziwani.

Muuguzi alimtumia kaka yake picha moja, ya shangazi mbele ya maji. Jioni ile kaka huyo aliiweka kwenye ukurasa wake, akaandika kwamba familia imempeleka mama yetu mapumzikoni na kwamba wazazi wanastahili. Watu walimpongeza. Aliwashukuru mmoja mmoja.

Mwezi wa kumi na moja, mvua ya pili au ya tatu, nilikuwa kibandani napima mchele wa mteja, simu ikaita. Mzee wa Kakese hapigi simu kwa jambo dogo. Salio lake analitunza kuliko ndama wetu.

"Amezaa, binti."

"Nini?"

"Dume."

Nilimwuliza mara mbili. Akanijibu kwa ukali kidogo kwamba anajua dume na jike, na kwamba safari hii nikitaka nije nimwone kwa macho, yuko hai, anasimama. Nikamalizia kumpimia mteja. Alilalamika kwamba sijamwongeza, nikamwongeza kiganja. Kisha nikampigia shangazi Mpimbwe, kwa simu ya jirani yake.

"Amezaa, shangazi."

"Ehe."

"Ni dume."

Nilisikia kuku upande wake, na mtu akitwanga. Alikaa kimya kwa muda ambao mimi, ninayewanyamazia wanunuzi mpaka wapandishe bei, sikuweza kuuvumilia. Nikamwambia kwamba nikimuuza huyu akikua naweza kumnunulia jike mnadani, tena mkubwa.

"Wa mnadani simjui," alisema. "Nilitoa wa kwangu, nataka wa ukoo wake. Mlishe mama yake vizuri. Atapandwa tena."

"Ndiyo, shangazi."

"Nilisema jike."

"Ndiyo, shangazi. Bado jike mmoja."